Jini ya Pesheni, Elfu Nne na Mia Tano

Laurenti kaniletea chupa saa nane mchana,
saa ambayo mapapai yanaanza kulegea kwenye matenga
na wateja wa Mabibo wanataka kupunguziwa.
"Dada Akulina, wewe matunda unayajua. Onja,
uniambie kama nichukue katoni kumi au nimrudishie mwenyewe."

Sina cheo cha kuonja.
Nina meza, mizani yenye jiwe lililomeguka
na pua iliyokaa sokoni miaka kumi na tisa.

Naanza na lebo. Pesheni imekatwa katikati,
nje zambarau, ndani nyekundu kama tikiti.
Aliyechora hajawahi kuipasua.
Kizibo kinazunguka vizuri, hakivuji.
Chupa ni nyembamba, ya mfukoni,
ya mtu anayerudi nyumbani kwa miguu
na hataki kioo kigonge funguo mlangoni.

Harufu: bablishi.
Si pesheni, ni bablishi ya pesheni,
ile mtoto anaipuliza mpaka inampasukia puani.
Nyuma yake kuna kitu kikali, cha kijani,
sikijui jina.
Namwita Kihwelo aache kugongelea matenga.
Ananusa, anafumba macho.
"Mipaina," anasema. "Sao Hill, asubuhi, wanapasua mbao."
Anakaa na chupa puani kuliko kazi inavyotaka.
Mwaka wa nne huu hajapanda basi la Mafinga.

Namnyang'anya.

Bi Mwanaidi wa malimau hanywi, ila maneno hanyimwi:
"Jini hatoki chupani bila kuulizwa anataka nini.
Wenu huyu anataka nini?"
"Elfu nne na mia tano," anajibu Laurenti.
Tunacheka wote, hata yeye.

Namimina kidogo kwenye kijiko. Nawasha kiberiti.
Hii si fujo, ni shule.
Kwetu Masasi, msimu ukifika, watu hubeba korosho
mabibo wakayaacha chini yaoze.
Mama aliyaokota. Aliyakamua kwa mikono yake.
Uraka wa siku ya kwanza, hata mimi nilipewa.
Wa siku ya tatu, waliulizana njia ya kwao.
Uliobaki aliukeneka usiku, na kabla ya kuuza tone
aliwasha kijiko gizani, akauangalia moto
kama mwalimu anayesahihisha daftari.
Bluu, uza. Njano, mwaga.
Alimwaga mara mbili. Mara zote mbili
tulilala na uji.

Moto wa Laurenti ni bluu.
Sisemi kitu. Naonja.

Sukari inatangulia, mbio, kama mgeni aliyekosea nyumba.
Pesheni inapita mlangoni, haiingii.
Kisha moto, wa kweli lakini si wa kuumiza,
unashuka mpaka kifuani, unakaa, unatulia.
Baada ya hapo ulimi unabaki na ladha ya dawa ya kikohozi,
ile nyekundu tuliyoiba tukiwa watoto.
Kichwa sijui. Kichwa kitatoa ripoti kesho.

"Kumi kwa ngapi?" Laurenti ana kalamu kabisa.

Nachukua pesheni yangu, ile iliyokunjamana
ambayo wateja wanaikimbia wakidhani imezeeka.
Naipasua kwa ukucha, naikamulia kikombeni, na mbegu zake.
Uchachu unaikamata sukari shingoni.
Anakunywa. Ananyamaza.
Anatazama chupa, anatazama meza yangu.

"Peke yake, tano," namwambia.
"Ukinunua na tunda, saba.
Chukua katoni nne, sio kumi.
Na pesheni ni mia tano, usijifanye umesahau."

Analipa. Kihwelo anauliza
kama iliyobaki ina mwenyewe.
Nampa. Haimimini.
Anafungua kizibo, ananusa tena,
anakifunga.